Kiraka cha Mlango Mkubwa

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimedanganya mbele ya watu na wala sijutii.

Bwana Wabwire, meneja wa ghala la mahindi la ushirika, alituita sisi wanawake sita tunaomsafishia. Tukasimama na mopu zetu kama watoto wanaongoja kuchapwa. Akasema kuna kampuni ya Mbale inayoosha sakafu na pia kutengeneza sehemu zilizobomoka, na yeye amechoka kuita huyu kwa sabuni na yule kwa simiti.

"Hii shimo nakula magunia yangu," akasema, akionyesha lile shimo la mlango mkubwa, mahali toroli zinapokwama na magunia kupasuka kila mavuno. "Nataka mtu moja afanye kazi yote. Nyinyi akina mama mmenifanyia vizuri, lakini..."

Sikumwacha amalize hiyo "lakini" yake. Nikasema, "Bwana Wabwire, sisi pia tunatengeneza zege. Ni vile tu hujatuuliza."

Teopista, mwenzangu tangu tuanze kikundi, aliangusha ndoo. Ikaviringika mpaka kwenye shimo lenyewe, ikatulia humo.

Wabwire alinitazama, akakuna kidevu, akatoa hukumu. Tuzibe hilo shimo moja sasa, wakati ghala ni tupu. Mavuno yakiingia mwezi wa sita, toroli zilizojaa zipite juu yake mbele ya macho yake. Likishika, kazi yote ni yetu, sabuni na simiti. Likibomoka, anachukua watu wa Mbale na sisi twende nyumbani.

Hili ghala ndilo linalotulisha. Ofisi ndogo na zahanati tunazosafisha pia ni za kuongezea chumvi tu. Likituponyoka, hakuna kikundi tena.

Na mimi Amuge, niliyezaliwa Amukura upande wa Kenya nikaolewa hapa Busia upande wa pili wa mpaka, sijawahi kushika mwiko wa fundi maishani mwangu. Mvua ya kwanza imeanza kunyesha wakati narudi nyumbani. Nimeamua kuandika, maana nikisema kwa mdomo nitalia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Teopista hanisemeshi.

Ijumaa, 14 Machi

Amenisemesha. Afadhali angeendelea kunyamaza.

"Mama Atai, mimi nakwambia ukweli. Ile uongo yako itatumaliza. Sisi nafagia. Nani kakwambia sisi mafundi?"

Nikamwambia ni mwoga, alizaliwa mwoga, na hata kivuli chake kinamwogopesha. Akanijibu kwa Kisamia maneno ambayo sitayaandika hapa. Baadaye akaleta chai, akauliza nani atatufundisha.

Hapo ndipo shida ilipo. Mafundi wa mjini nimewauliza, wakanicheka. Fundi wa zege ninayemwamini ni mmoja tu, naye ni Okwi wa Sikuda. Okwi ndiye mume wa binti yangu Atai. Na sisi Iteso, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Akija kwa njia hii mimi napita ile. Nikimwona sokoni naingia duka lolote lililo karibu. Siku moja nilijikuta kwa kinyozi wa wanaume, nikalazimika kuuliza bei ya kunyoa.

Teopista alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo mwalimu wako ni mtu moja tu, na huyo huwezi kumwona?"

Ndiyo. Huyo huyo.

Jumatatu, 17 Machi

Okwi amekubali! Atai amemwomba, naye hakuweza kukataa. Mafunzo yatakuwa hivi: yeye atasimama nje nyuma ya ukuta wa ghala, chini ya matundu ya hewa, sisi tutakuwa ndani. Teopista atakuwa mdomo wetu.

Jumatano, 19 Machi

Somo la kwanza. Ukuta wenyewe ni wa tofali moja, nasikia hata akikohoa, lakini heshima ni heshima.

"Mwambieni Toto, kwanza achimbue sehemu zote zilizolegea," Okwi akasema kutoka nje, akiniita Toto, yaani mama kwa Kiteso.

"Mama Atai, anasema uchimbue sehemu zilizolegea," Teopista akaniambia, nusu hatua kutoka sikioni mwangu.

"Mwulize, mpaka wapi?"

"Anauliza mpaka wapi?"

"Mpaka nyundo ilie kwa sauti ngumu."

Basi asubuhi nzima ikaenda hivyo. Alitufundisha kuchanganya simiti na mchanga na kokoto, maji kidogo tu, mchanganyiko usimame bila kutiririka. Tuoshe shimo vizuri, tupake uji wa simiti ndani yake, halafu tujaze na kushindilia. Nilimwuliza kupitia Teopista baada ya hapo tufanye nini. Akasema, "Mwambieni aache ikae. Ikae vizuri."

Nilielewa. Nilidhani nimeelewa.

Jumamosi, 22 Machi

Tumeziba shimo! Na lilivyopendeza, wacha tu!

Kusafisha ndiyo kazi yetu, kwa hiyo hapo hatukuhitaji mwalimu. Lile shimo lilikuwa limejaa mafuta ya lori, vumbi la pumba na uchafu wa tangu ghala lijengwe. Tulilisugua kwa brashi ya waya na sabuni, tukasuuza, tukasugua tena, mpaka nikaona kokoto zinang'aa. Ndipo tukajaza.

Halafu mikono ikakumbuka. Kila mmoja wetu amekua akisiliba sakafu ya nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na hakuna fundi wa kutuambia kitu juu ya kulainisha. Tulipiga magoti, tukanyunyiza maji juu, tukatia vumbi la simiti kavu, tukalainisha kwa viganja. Ukingoni tukaivuta ikawa nyembamba kabisa, usijue zege ya zamani imeishia wapi na yetu imeanzia wapi. Halafu tukafungua milango yote miwili upepo upite, likauke haraka, kama unavyofanya nyumbani ili watoto waingie jioni.

Okwi akauliza kutoka nje, "Waulizeni, inakaaje?"

"Mwambie inakauka vizuri sana!" nikapaza sauti mwenyewe kwa furaha, nikasahau Teopista.

Akakohoa, halafu akasema, "Haya. Vizuri."

Jumanne, 25 Machi

Mvua mchana kutwa. Kwenye kiraka nimeona mistari midogo kama nywele. Nimemwambia Teopista ni nywele.

Jumamosi, 29 Machi

Aibu ya leo sitaisahau.

Wabwire alikuja na toroli ya magunia ya mbolea, akasema anataka kuonja kabla ya mavuno. Nilitabasamu. Nilikuwa nimevaa leso mpya kwa ajili ya shughuli hiyo, mjinga mimi. Toroli ilipofika katikati ya kiraka, nikasikia sauti kama mtu anayetafuna karanga. Ngozi ya juu ikabanduka, vipande vipana kama chapati vikaruka. Ukingo mwembamba ukavunjika wote, gurudumu likazama, gunia la juu likaanguka miguuni pa Wabwire.

Hakupiga kelele. Angepiga ningemjibu. Alifuta viatu vyake tu, akasema watu wa Mbale watakuja kupima baada ya Pasaka, na sisi tukitaka kujaribu tena mpaka hapo, simiti ni yetu na jasho ni letu.

Teopista alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. "Mimi nalikwambia! Mimi nalikwambia ile siku ya kwanza! Mimi nina watoto, Mama Atai, sina uongo ya kuwalisha!"

Nami badala ya kunyamaza nikamgeukia mtu wa nje ya ukuta. Nilijua yupo, alikuja kusikiliza. Nikapasua koo. Nikasema ametufundisha nusu makusudi, kwamba wanaume hawa wanaficha kazi yao kwa wanawake, kwamba binti yangu ameolewa na roho ya korosho. Nilisema yote bila mdomo wa mtu mwingine, moja kwa moja, mama mkwe kwa mkwe wake.

Kutoka nje nikasikia pikipiki ikiwashwa.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani. Ningemtazama nani?

Jumatano, 2 Aprili

Atai alinipigia simu. Alikuwa mkali, na ukali huo kautoa kwangu, sina wa kumlaumu.

"Mama, Okwi angeonaje? Wewe ndiye ulikuwa ndani. Alisikia unasema inakauka, akaona aibu kukusahihisha. Mimi mwenyewe nimemgombeza kwa hilo. Lakini wewe uliwaza nini, kumtukana mkwe wako hadharani?"

Nikasema sikuwaza.

"Basi toka nje ya lile ghala, aingie aone."

Kitu chepesi hivyo, na hakuna aliyekifikiria! Sote tulikuwa tunashindana kwa heshima, na shimo liko pale linatucheka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilipika kuku na ugali wa wimbi, nikampa Teopista ampelekee Okwi pamoja na neno moja: nisamehe. Akarudi na bakuli tupu, akaniambia, "Anasema amesikia. Na anasema chumvi kidogo ilizidi."

Halafu pale ghalani nikatoka kwa mlango mdogo, nikasimama chini ya ukingo wa paa, mvua ikinimwagikia mabegani. Okwi akaingia kwa mlango mkubwa. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nje ya ukuta, sikio kwenye tundu la hewa.

Nilisikia nyundo. Halafu nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichopoteza.

"Hawa mama wamesiliba!" akasema. "Teopista, mlifungua milango?"

"Tulifungua. Ikauke."

"Mliiua. Hii si udongo. Udongo unataka jua, hii inataka maji. Ikikauka haraka inapasuka. Nilisema ikae, nilitaka ikae na maji, chini ya magunia yaliyoloa, juma zima na zaidi. Na hii ngozi ya juu mliyoipaka ni poda tu. Na ukingo usivutwe. Ukatwe wima, uwe na unene."

Nikajipiga kofi la paji la uso huko nje peke yangu.

Halafu nyundo ikalia tena, mara hii kwa muda mrefu, na sauti yake ikabadilika. "Ngoja. Huku chini imeshika. Angalieni, nagonga haitoki. Nani aliosha hili shimo?"

"Sisi sote. Mama Atai ndiye alisimamia."

"Viraka vyangu mimi vinang'oka kutoka chini," Okwi akasema polepole. "Vijana wangu wanafagia mara moja wanamwaga. Mafuta yanabaki. Mwambieni Toto..." akasita. "Mwambieni Toto kwamba akiniachia nimfundishe juu, yeye anifundishe chini."

Nilisimama mvuani na meno yote nje. Kama kuna mtu alipita barabarani, alimwona mwanamke mzima aliyeloa chepechepe akiuchekea ukuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeziba tena. Tulifanya kwa zamu: Okwi akipiga mluzi, mimi natoka kwa mlango mdogo na yeye anaingia, akipiga tena, anatoka na mimi narudi. Alikata ukingo wima kwa tindo. Sisi tukaosha, na mara hii alimtuma mmoja wa vijana wake asimame ajifunze. Kijana akasema, "Bado tu? Si imetakata?" Nikampa brashi.

Hatukulainisha. Mikono iliwasha, nakwambia! Teopista alijishika viganja nyuma ya mgongo ili asiguse. Tukafunika kwa magunia yaliyoloa, tukafunga milango.

Jumatatu, 14 Aprili

Magunia yameloa.

Jumatano, 16 Aprili

Yameloa. Mvua pia haijapumzika. Wajenzi wa mjini wote wamekaa chini ya vibaraza wanalaani hali ya hewa. Mimi naipenda.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Mvua ya jana ilikuwa ya kutafuta mtu. Mfereji wa barabara umefurika, na asubuhi nikakimbia ghalani na gauni la kanisani nikijua nitakuta bwawa.

Nilikuta bwawa, na ndani yake nikamkuta Teopista. Alikuwa ametangulia, na gauni lake jipya la Pasaka limefungwa magotini. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango mkubwa, magunia yetu yanaelea kama mandazi. Nikasema, basi, imekwisha, imeoshwa.

"Hapana lia," Teopista akasema. "Mimi nimepigia Okwi simu. Amecheka. Amesema hiyo kitu ina kiu, muiache inywe."

Ndipo akaniambia kwamba kila asubuhi, kabla sijafika, amekuwa akipita hapa kumwagia maji. Niliyakuta magunia yameloa nikidhani ni unyevu wa mvua. Kumbe ni huyu, niliyemwita mwoga. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulidanganya kwa ajili yetu sote," akasema. "Mimi siwezi kudanganya. Kumwaga maji naweza."

Tulikwenda kanisani tumeloa mpaka kiunoni, tukaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

Jumatano, 23 Aprili

Watu wa Mbale wamekuja kupima. Aliyeongoza ni kijana mpole, Erastus, mwenye viatu safi na nyundo ndogo. Alipima ukuta hadi ukuta. Alipofika mlango mkubwa akaondoa gunia, akagonga kiraka chetu, akagonga tena pembeni, akamgeukia Wabwire. "Nani kaweka hii?"

"Wanaonisafishia," Wabwire akasema, kama mtu asiyeamini mdomo wake.

"Basi hapa sina la kufanya," Erastus akasema, akafunga futi yake, akaenda kupima sehemu nyingine.

Wabwire akasema tu kwamba zege ikipigwa nyundo na ikipitiwa na mahindi ni mambo mawili tofauti. Nami nikamjibu kwamba mahindi na yaje.

Jumatatu, 12 Mei

Goretti, mwalimu mkuu wa shule moja ndogo huko Masinya, amesikia habari zetu. Sakafu ya darasa la watoto wadogo ni vumbi tupu na mashimo, funza wanawala vidole. Ameuliza kama tunaosha tu au tunaziba pia. Teopista, yule yule, ndiye aliyejibu haraka kabla yangu: "Tunaziba! Ni vile tu hukuwa umetuuliza!"

Jumanne, 20 Mei

Masinya. Tumeosha, Okwi amekata, tumejaza, tumefunika. Darasa lina mlango mmoja tu, kwa hiyo ili nisikutane na Okwi nilitumia dirisha, na mwili wangu huu si wa madirisha. Watoto walinisukuma kutoka nje.

Jumatatu, 9 Juni

Mahindi yamekauka mashambani. Mvua inapungua. Usingizi pia.

Alhamisi, 26 Juni

Yamekuja.

Lori la kwanza lilitoka upande wa Mulanda, limejaa mpaka juu. Wapakiaji wakajaza toroli. Wabwire akasimama karibu na kiraka, mikono nyuma. Sisi sita tukasimama ndani tumeshikana mikono kama tunaposali. Okwi alikuwa nje nyuma ya ukuta wake, nilisikia anakohoa.

Toroli ya kwanza ikaja. Gurudumu likapanda juu ya kiraka. Nilifumba macho, nikasubiri ile sauti ya karanga.

"Imepita!" Teopista akapiga kelele kuelekea tunduni. "Okwi, imepita!"

"Ongezeni," Wabwire akasema. Wakaongeza magunia mpaka msukumaji haonekani. Ikapita. Akasema zipite mbili zikifuatana. Zikapita. Akamsimamisha mmoja juu ya kiraka chenyewe na toroli yake nzito, akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wote kutafuta hata unywele.

Akasimama, akapanguza kidole. "Mama Amuge. Mbale nitawapigia simu wasije. Sakafu yote ni yenu. Na ofisi. Na ile ngazi ya nyuma." Halafu akaongeza, akitazama pembeni, "Ile siku ya ndoo nilijua mnadanganya."

"Siku ile tulidanganya," nikasema. "Leo hatudanganyi."

Jamani, vigelegele! Paa lilitaka kuruka. Teopista alinibeba, mimi, akanizungusha! Wapakiaji wakaacha magunia wakapiga makofi. Na katikati ya kelele hiyo mtu mmoja akaingia mbio kwa mlango mkubwa, mwiko mkononi, akicheza, akirusha mabega, akiimba kwa sauti kubwa, akaja mpaka mbele yangu kabisa.

Alikuwa Okwi.

Tukatazamana. Miaka yote tangu amwoe Atai sikuwahi kuuona uso wake kwa karibu. Ana mwanya. Hakuna aliyeniambia ana mwanya.

Kisha akili zikaturudia sote wawili kwa pamoja. Yeye akatupa mwiko, akageuka kuelekea mlango mdogo, akapiga mbio. Mimi nikajifunika leso usoni, nikakimbia upande wa mlango mkubwa, sioni mbele, mwili wote huu, na viatu vyangu vya mpira, na nyuma yangu wanawake wanagaagaa sakafuni kwa kicheko. Nilipita juu ya kiraka chetu kwa kishindo kuliko toroli yoyote ya leo. Nikasikia chini ya kisigino jinsi kilivyo kigumu. Hakikutikisika.

Nikasimama nje, nimeegemea ukuta, nahema. Manyunyu ya mwisho ya msimu yalikuwa yanadondoka. Nyuma ya kona ya ukuta, nikasikia mtu mwingine anahema.

Hakumwita Teopista. Hakusema mwambieni.

"Toto," akasema. "Imeshika."

"Imeshika, mwanangu," nikamjibu.